Taa Iliyowaka na Gurudumu Lisilovuta



Huenda msomaji akashangaa kuona habari za motokaa katika kurasa hizi, ambazo amezoea kusoma humo mambo ya sala na funga na malezi ya watoto. Sisi nasi tulisita kabla ya kushika kalamu. Lakini motokaa tutakayoisimulia ilitukalisha mbele ya mwanachuoni kwa siku mbili, ikatuingiza katika mlango wa mauziano ambao tulidhani twaujua, na kabla ya hayo ilimzuia shangazi yetu asitimize ahadi aliyompa mtu ambaye sasa yu kaburini. Kwa ajili hiyo tumeona yafaa yaandikwe, kwani katika nyanda hizi za juu za Kigoma ziko nyumba nyingi zinazokusanya akiba yao zikanunua chombo kama kile, wala haziyajui mambo haya ila baada ya kukwama.

Sisi ni ndugu wawili wa Kasulu, twauza nguo na vyombo katika duka alilotuachia marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliyetulea ni shangazi yetu, dada yake baba, nasi twakaa naye nyumba moja mpaka leo. Shangazi ni muosha. Waislamu wa Kasulu na Kibondo si wengi kama wa Ujiji. Katika vijiji vingi utakuta nyumba tatu au nne tu zenye kusali, na mwanamke akifariki huenda asipatikane karibu mwanamke mwenzake ajuaye kumwosha na kumkafini kama sharia itakavyo. Basi huitwa shangazi. Kwa miaka mingi alikwenda kwa basi, na baadaye kwa pikipiki, kifurushi chake cha kafuri na majani ya mkunazi kikiwa mapajani. Alipofika miaka 68 pikipiki ikamwangusha, mkono ukateguka, na hapo ndipo tuliposema: tumnunulie shangazi motokaa.

Tulitaka iliyo ndogo, isiyokula mafuta mengi, nayo iweze kupanda. Barabara kuu itokayo Kabingo, ikapita Kibondo na Kasulu mpaka Manyovu, yapata kilomita 260, wakati ule ilikuwa katika kujengwa kwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Lakini misiba mingi ya shangazi haikuwa barabarani. Ilikuwa huko nyuma ya vilima, kwenye njia za udongo mwekundu ambao wakati wa kiangazi ni vumbi kama unga, na mvua ikinyesha saa moja tu huwa kama sabuni iliyolowa. Hapo motokaa yenye kuvuta kwa magurudumu mawili hukaa kando ikamsubiri mtu mwenye trekta.

Mwaka 2021 tukaipata Suzuki Jimny iliyotumika Japani, ya lile umbo lililotengenezwa kuanzia 1998 hata 2018, yenye injini ya cc 660. Ni motokaa fupi, nyembamba, yenye kuinuka juu ya ardhi, na usukani wake uko kulia kama utakiwavyo kwetu. Mwuzaji alikuwa jamaa wa mjini hapo hapo, mtu tusimamaye naye safu moja msikitini, aliyekwisha kaa nayo mwaka mmoja. Bei ilikuwa shilingi milioni 11. Alituonyesha vitufe vitatu vilivyo mbele ya dereva: kimoja cha kuvuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake, cha pili cha kuvuta kwa yote manne, ambayo madereva wetu huiita fowili, na cha tatu cha yote manne kwa gia nzito ya mwendo wa polepole. Akabonyeza kile cha pili. Taa ndogo kwenye dashibodi ikapepesa mara chache, kisha ikatulia ikiwaka. "Mmeona?" akasema. "Hii hata mlima itapanda." Akaongeza neno jingine ambalo wakati ule hatukulitia maanani: kwamba anaiuza kama ilivyo, na ukaguzi ni juu yetu. Sisi tulikagua rangi, tukakagua viti, tukasikiliza injini. Ilikuwa mwezi wa Julai, na ardhi yote kavu.

Msomaji atuvumilie kidogo tueleze chombo hiki kinavyofanya kazi, maana bila ya hayo hatafahamu ilivyokuwa. Katika Jimny ya namna yetu, ubonyezapo kitufe cha fowili, mambo mawili yatakiwa yatimie. La kwanza hutimia katikati ya motokaa, katika lile sanduku la gia liitwalo transfa: mota ndogo ya umeme huunganisha mhimili uendao mbele na ule uendao nyuma. La pili hutimia kwenye magurudumu ya mbele yenyewe. Ndani ya kila habu mna meno yanayoshikana na kuachana. Yakiachana, gurudumu hujizungukia bure, na hivyo ndivyo itakiwavyo katika mwendo wa kawaida ili mafuta yasipotee. Kinachoyashikanisha ni pumzi ya injini. Injini ivutapo hewa hufanya nguvu ya kufyonza, na nguvu hiyo hupitishwa katika mipira myembamba mpaka kwenye habu, ikayavuta meno mahali pake. Basi lile la kwanza likitimia na la pili lisitimie, mhimili wa mbele utazunguka ndani kwa ndani, na gurudumu halitakuwa na habari. Wala haihitaji habu zote mbili ziharibike. Ikilegea ya upande mmoja, difu hupeleka nguvu yote upande huo uliolegea, na ule mzima nao ukasimama.

Haya yote tunayajua leo. Siku ile ya Machi 2022, simu ilipolia baada ya sala ya alfajiri, hatukujua hata moja.

Aliyefariki alikuwa mjane mmoja wa kijijini, upande wa Mabamba, karibu na mpaka wa Burundi. Yeye na shangazi walisoma chuo kimoja utotoni, na kila walipoonana walikuwa na maneno yao: atakayetangulia ataoshwa na mwenzake. Shangazi alimwambia mwana wa marehemu kwa simu, "Msimguse, mwanangu. Nakuja." Kabla ya saa moja tulikuwa njiani. Kutoka Kasulu hata Kibondo ni zaidi ya kilomita 100, na kwa michepuko ya ujenzi tulifika karibu na adhuhuri. Tukasali Kibondo, tukashika njia ya Mabamba, na mvua iliyokuwa ikitufuata nyuma ikatupita.

Tulipoiacha barabara na kuingia njia ya kijiji, tukabonyeza kitufe. Taa ikapepesa, ikatulia. Tukapanda kilima cha kwanza kwa mbio, tukashukuru. Cha pili kilikuwa kirefu zaidi, na katikati yake palikuwa na mfereji uliochimbwa na maji. Hapo motokaa ikapunguza mwendo, ikasita, ikasimama, na tulipoikanyagia mafuta ikaanza kurudi nyuma kwa ubavu. Ilikuwa saa nane. Tukakata majani, tukatia mawe, tukabonyeza kile kitufe cha gia nzito, taa nayo ikatuitikia kama ilivyokuwa ikituitikia siku zote. Mambo yakawa yale yale. Watoto wa kijiji walikuwa wamekusanyika, wakitusalimu mwidiwe, mwidiwe, na mmoja wao, hapati miaka tisa, aliyekuwa amechuchumaa kando ya tope, akasema, "Ya mbele hayazunguki."

Tukamwambia aondoke asije akakanyagwa. Akasema tena, "Ya nyuma tu ndiyo yanazunguka. Ya mbele yamelala." Tukamkemea. Sisi watu wazima wawili, taa inawaka mbele ya macho yetu, hatukushuka hata kuinama tukatazama alichokiona mtoto yule. Hili twalikumbuka kwa haya kuliko tope lenyewe.

Shangazi alikuwa ameshuka zamani. Kutembea hakuweza, kwani kijiji kilikuwa bado kilomita 9, na njia yote ni utelezi. Akapanda juu ya jiwe moja kubwa ambapo simu ilishika, akampigia yule kijana. Wanawake walikuwako msibani, majirani wema, lakini wengi wao si Waislamu, na binti wa marehemu aliyekuwapo hajapata kuosha maiti maishani mwake. Mwana angeweza kumwosha mama yake, kwani ni maharimu yake, ila aliona haya, wala shangazi hakumlazimisha. Basi akaanza kumfundisha binti kwa simu, mvua ikimnyeshea: amfunike kwanza, aukande tumbo kwa upole, amsafishe kwa kitambaa mkononi, amtawadhishe, aanzie upande wa kulia, maji ya mkunazi kwanza, na ya mwisho ayatie kafuri kidogo. Tulimsikia akirudia, "Polepole, mwanangu. Mpindue kwa mkono wa kushoto wa mwenzio. Usiogope, ni mama yako." Alipofika kwenye kusuka nywele mikia mitatu, simu ikazimika kwa kuisha moto, na zetu sisi hazikuwa na mtandao. Akabaki amesimama pale pale juu ya jiwe.

Hatuna haja ya kurefusha. Watu kama ishirini walituvuta kwa kamba jua likikaribia kuchwa, na katika kutuvuta bampa la mbele likagonga jiwe likapinda. Tulifika baada ya isha. Marehemu alikuwa amekwisha zikwa kabla ya magharibi, nao walifanya vyema, kwa kuwa kuharakisha maziko ni sunna. Shangazi akasali juu ya kaburi, nasi nyuma yake, kwa mwanga wa tochi. Na jambo hili laruhusiwa, kwani Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alisali juu ya kaburi la yule aliyekuwa akiufagia msikiti wake, alipopata habari kwamba amezikwa usiku bila ya yeye kuambiwa. Binti wa marehemu alimwuliza shangazi kama nywele zilipasa kuwekwa nyuma au mbele. Akamwambia nyuma. Binti akasema, "Basi niliweka vibaya," akalia. Shangazi akamwambia si kitu, maiti yake imetakata. Katika safari yote ya kurudi hakusema neno.

Siku ya tatu tukaipeleka motokaa kwa fundi, kijana wa Kasulu mwenye banda kando ya soko. Tukamweleza. Yeye hakuigusa injini, wala taa, wala hakutuuliza taa ilisemaje. Alitia mawe nyuma ya magurudumu, akavuta breki ya mkono, akainua gurudumu moja la mbele kwa jeki, akawasha injini gia ikiwa huru, akabonyeza kitufe cha fowili. Kisha akalishika gurudumu lile kwa mikono miwili akalizungusha. Likazunguka kama la baiskeli.

"Lingekuwa limeshika, lisingekubali," akasema. "Mhimili wa mbele sasa umefungwa pamoja na wa nyuma, na nyuma iko chini imekaa. Hili lingekuwa gumu kama jiwe." Akaenda upande wa pili akafanya vivyo hivyo. Likazunguka.

Jaribio hili halihitaji ufundi wa chuo, twalisimulia ili kila mnunuzi aweze kulifanya: jeki moja, mawe mawili, na mtu wa kukaa ndani kushika injini. Lifanywe kwa kila upande peke yake. Lau tungelifanya mwezi ule wa Julai tungelimaliza kwa robo saa. Tunanena habari ya Jimny ya namna yetu, si ya kila motokaa. Kuna nyingine ndogo, kama Toyota Cami na ndugu yake Daihatsu Terios, ambazo huvuta kwa magurudumu manne wakati wote, na kitufe chake ni cha kufunga difu ya katikati. Na kuna zile ambazo kompyuta ndiyo iamuayo lini mbele na nyuma zisaidiane. Hizo zina maradhi yake mengine, na jaribio hili litakudanganya.

Baada ya hapo fundi akalala chini ya motokaa akaufuata mpira wa hewa kwa vidole. Akatwambia ajuavyo yeye, kwamba wa kwanza kushukiwa ni mpira huu, kwa kuwa hupita karibu na gurudumu, ukapigwa mawe na kukaangwa na jua mpaka ukapasuka kwenye mkunjo. Wa pili ni sili iliyo ndani, nyuma ya habu: ikichakaa, hewa huvuja, na badala ya kufyonza meno injini ikafyonza vumbi na maji. Ana bomba la sindano kubwa, lile la hospitali, ambalo huliunganisha na mpira akavuta. Likikaa limevutika, hapana panapovuja, na likirudi, pana tundu. Lakini bomba lile hakulitumia. Alitoka chini akiwa ameshika kitu akatuonyesha kiganjani. Ilikuwa skrubu fupi yenye kutu.

Mpira wa kulia ulikuwa umechomolewa kwenye habu, ukazibwa kwa skrubu, ukafungwa waya. Na wa kushoto hali kadhalika.

Maana yake ni hii. Sili zilichakaa, injini ikawa yavuta hewa mahali pasipostahiki, ikinguruma kwa kusitasita. Mtu akaona kununua sili na kufungua habu ni gharama na kazi, akaziba njia. Injini ikatulia, na taa, ambayo hupokea habari zake kutoka upande wa huku ndani na wala si kutoka kwenye meno ya habu, ikawa yawaka vizuri kuliko zamani. Chombo chenyewe hakikuwa na lawama, kwani kila chombo kizeekapo sili hulika. Lakini zile skrubu zilitiwa na mkono wa mtu.

Usiku ule ule tukaenda kwa mwuzaji, tukamwekea skrubu mezani. Akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hakuzijua. Naye aliinunua Dar es Salaam kwa mkono wa dalali, na hakuwahi kupita nayo kwenye tope, yeye safari zake ni dukani na msikitini. Mmoja wetu hakumsadiki. Mwingine alimsadiki. Kiapo ni kiapo, tukanyamaza. Lakini aliposema, "Nami niliwaambia nauza kama ilivyo," tukajibu kwamba hilo atatuamulia maalim.

Hapo ndipo tulipojifunza kwamba tulikuwa tukiuza nguo miaka yote hii tukijua nusu ya elimu ya kuuza. Tulijua ile hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta unyevu chini, akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone, akamkana mwenye kughushi. Hii kila mtoto wa chuo huijua. Tusilolijua ni namna wanavyuoni walivyoligawa jambo lenyewe, kwa haki, wakamwangalia mnunuzi na mwuzaji pia.

Maalim alitusomea katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kwa madhehebu yetu ya Shafi. Akasema: aibu ikiwa ilikuwamo kabla ya kukabidhiwa, nayo yapunguza thamani au yaharibu lengo la kununuliwa kitu, mnunuzi ana hiari ya kukirudisha, awe mwuzaji aliijua au hakuijua. Kwa hiyo kiapo cha jamaa yetu kilimwokoa na dhambi ya kughushi, hakikumwondolea dhima ya kasoro. Kutu ya zile skrubu ilitosha kuwa ushahidi kwamba ni za zamani. Na lile neno "kama ilivyo"? Akasema sharti la kujivua aibu zote, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu, humfaa mwuzaji katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, kwa kuwa mnyama hula akashiba akiwa na ugonjwa na hakuna ajuaye. Kitu kisicho na uhai hakimo katika ruhusa hiyo. Tukatazamana.

Lakini naye akatugeukia. Tangu tulipoijua aibu, je, tumeitumia? Maana hiari hii ni ya papo hapo. Anayejua kisha akaendelea kutumia huwa ameridhia. Tukasema tumeiendesha kutoka bandani kwa fundi mpaka kwa mwuzaji, basi. Akacheka akasema hilo lina udhuru, kwani wanavyuoni walimsamehe mwenye kumpanda mnyama mkaidi ikiwa hawezi kumrudisha ila kwa kumpanda. Kisha akauliza, "Na hili bampa?"

Bampa lilipindia mikononi mwetu. Nayo ni aibu mpya. Ikizuka aibu mpya kwa mnunuzi, haki yake ya kumlazimisha mwuzaji kurudishiwa huondoka. Hapo huulizwa mwuzaji: ataipokea nayo imepinda, au mnunuzi abaki nayo akalipwa tofauti? Tofauti hiyo ina hesabu yake. Hukadiriwa motokaa ikiwa nzima ni kiasi gani, na ikiwa na aibu ya kwanza ni kiasi gani, ukatazamwa uwiano, kisha uwiano huo ukatolewa katika bei iliyolipwa. Tukaita watu wawili wajuao bei. Wakasema nzima ingekuwa milioni 12, na yenye habu zilizokufa milioni 10 na laki 8. Upungufu ni sehemu ya kumi. Basi katika milioni 11 tulizotoa, haki yetu ni milioni 1 na laki 1.

Jamaa hakuitaka motokaa. Alikubali kulipa, akatoa laki 5 siku ile na laki 3 baada ya mavuno, na zilizobaki tukamsamehe, ijapokuwa mmoja wetu alisamehe kwa ulimi kabla ya moyo. Twaendelea kusimama naye safu moja.

Ila lililotugusa zaidi halikuwa la fedha. Maalim alisema wajibu wa kuieleza aibu haumhusu mwuzaji peke yake. Yeyote aijuaye, hata mpita njia, yampasa amwambie mnunuzi. Tulipomweleza fundi wetu neno hili alikaa kimya, kisha akasema kwamba skrubu za namna ile ameziona katika motokaa nyingine mbili hapa hapa mjini, na moja imekwisha uzwa kwa mtu wa Kibondo, naye alinyamaza kwa kuwa si yake. Tukamwuliza atafanya nini. Akachukua simu yake akatoka nje. Hatukumfuata kusikiliza.

Ilibaki kuitengeneza. Fundi alitupa njia mbili: kutia sili mpya na mipira mipya, au kuondoa habu za hewa na kutia zile za kugeuzwa kwa mkono, ambazo hazihitaji pumzi ya injini. Za kwanza ni raha, hubonyeza umekaa. Za pili hukulazimu ushuke kabla ya tope, uinamie kila gurudumu ugeuze kitasa mpaka alama ya kufungwa, na utokapo kwenye tope ushuke tena ufungue. Tukachagua za mkono. Akatuonya pia, kwa kuwa lami ilikuwa yafika, kwamba Jimny ya namna hii isiendeshwe kwa fowili juu ya lami kavu: mbele na nyuma hutaka kwenda mwendo mbalimbali kwenye kona, na kwa kuwa zimefungwa pamoja hushindana, usukani ukawa mzito na gia ikakataa kutoka. Ikitokea hivyo, mtu arudi nyuma hatua chache kwa mstari ulionyoka, itaachia. Na mahali ambapo gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yote yaning'inia, fowili nzima haitamsaidia, kwani difu zake hazifungiki.

Shangazi ameitwa mara nyingi tangu siku ile, Kibondo, Heru Juu, Makere na kwingineko. Kila tufikapo mwanzo wa njia mbaya husema, "Simameni." Hushuka yeye kwanza, na fimbo yake, akainama kutazama alama kwenye gurudumu la kulia, akazunguka mbele ya motokaa polepole akatazama la kushoto. Kisha hutwambia tuende hatua kumi naye akiwa angali chini, anatazama. Tukimwambia taa imewaka, hajibu.